Bima Haijui Maziwa

"Mama, hawa watoto wawili iko wa tumbo moja?"

Kijana wa dirisha la malipo aliuliza hivyo huku ameukaza uso asicheke, na nyuma yangu foleni nzima ikatega masikio isikie jibu. Tulikuwa kwenye kliniki moja ya watu binafsi mjini Arua, mimi na binti yangu wa miaka kumi na tano, tumevaa kama watu wanaokwenda kusali Idi. Tulikuja yeye achanjwe. Kijana alikuwa ameingiza namba ya kadi yangu ya bima kwenye kompyuta, na kompyuta ikamwambia kwamba miongoni mwa watoto wangu kuna mvulana na msichana, na kwamba kati ya kuzaliwa kwa mmoja na mwenzake ilipita miezi minne tu.

"Ni wangu wote wawili," nikasema.

"Sijakataa, mama. Lakini miezi minne..." Akanionyesha vidole vinne, eti labda sijui nne ni ngapi. "Hii kompyuta inakataa. Inasema kuna makosa."

"Basi iambie ikamuulize mama yake."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nina ulimi mkali, nalijua hilo, na mume wangu analijua zaidi. Kazi yangu ni ukalimani katika shirika moja linalohudumia wakimbizi kule Koboko. Kutwa nzima nasema maneno ya watu wengine, Kinubi, Kikakwa, Kiswahili, Kiarabu cha Juba, bila kuongeza wala kupunguza. Sasa nikipata nafasi ya kusema ya kwangu, hutoka yote kwa mkupuo.

Binti yangu alisimama kando akiangalia viatu vyake. Alikuwa amesikia kila neno. Hilo ndilo lililoniuma, wala si kile kicheko.

Kijana akapiga simu kwa watu wa bima, akasikiliza, akaitikia "ndiyo, ndiyo" mara nyingi, kisha akanirudishia kadi kwa mikono miwili, kwa adabu. Alisema amefunga madai yetu mpaka tarehe zieleweke. Tulirudi kwa miguu mpaka nyumbani, mtaa wa Awindiri.

Sasa nieleze hiyo miezi minne, maana najua nawe unahesabu.

Dada yangu na mimi tulipata mimba mwaka mmoja. Nikatangulia kujifungua, wa kiume. Yeye akafuata, wa kike. Arobaini yake ikaisha lakini damu haikuisha. Tukasema ni uzazi, tukampa uji wa pilipili manga, tukamfukiza kwa moshi wa kuni kama tunavyowafanyia waliojifungua. Damu haikusikia. Alipopimwa, wakasema ni kansa ya mlango wa kizazi, na kwamba ilikuwepo hata kabla ya mtoto. Ikabidi aende hospitali kubwa Kampala, na dawa alizopewa huko zikamkataza kunyonyesha.

Mama yetu ndiye aliyeamua. Watoto wa nyumbani humwita haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na mimi pia nitamwita hivyo hapa, kwa kuwa siku hizi hata watu wazima wa mtaa wake Koboko wanamwita hivyo. Haboba hakuniuliza kama nina maziwa ya kutosha. Aliwaita wanawake wa jirani, akawaketisha kwenye mkeka, akanipakatisha watoto wawili, mmoja titi hili, mwingine titi hili, mbele ya wote. Kisha akawaambia: "Nyinyi mmeona. Kesho mutu asikuje kusema hawa wanaweza kuoana." Wakasema wameona. Wakala kisra, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa bamia, wakaniombea, wakaenda zao.

Kwa dini yetu hilo limekwisha. Aliyenyonya kwako ni wako. Kijana wangu na binti yangu ni ndugu wa kunyonya, haramu mmoja kwa mwenzake kama waliotoka tumbo moja, na mimi ni mama yao, nukta. Dada hakupona, akafariki, na tangu hapo nyumbani kwetu ni mwiko kumwita binti "mtoto wa marehemu" au "yatima" au "mtoto wa dada". Haboba alimfukuza shangazi mmoja msibani kwa kosa hilo hilo, tena sahani ya chakula bado iko mkononi.

Binti alijua aliyemzaa ni nani. Kila Idi tulimpeleka Koboko kwenye kaburi. Lakini jina la dada yangu hatukulitaja, kwa sababu Haboba akilisikia alikuwa anaingia chumbani na kufunga mlango. Kwa hiyo msichana alikua na mama mmoja wa kuitwa na mwingine wa kunyamaziwa. Kaka yake, kwa ajili ya ile miezi minne, alijifanya mzee wa nyumba. "Wewe mdogo, niletee maji." Naye humjibu, "Niletee wewe kwanza hizo ndevu zako." Ndivyo walivyoishi.

Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi naongeza: kulea ni kazi, na hofu ni kazi nyingine. Kila nilipomwona ananyoosha mgongo nilimwona dada. Ana shingo yake na ule mwendo wa kuburuza kandambili. Niliapa kwamba huyu hatakufa kwa kile kilichomuua mama yake maadamu kuna dawa duniani ya kukizuia. Nayo ipo. Inatolewa bure kwa wasichana wa miaka kumi, wahudumu wanaipeleka mpaka shuleni. Lakini mwaka wake wa kumi ulikuwa ule shule zimefungwa kwa ajili ya ugonjwa ule uliofunga dunia. Watoto walikaa nyumbani mpaka wengine wakasahau kuandika. Shule zilipofunguliwa, kila mtu alikuwa anatafuta alipoachia maisha yake. Nilipokumbuka na kumpeleka kituo cha afya, muuguzi alimtazama kimo, akatikisa kichwa.

"Ya bure ni ya wale wadogo," akasema. "Huyu sasa ni msichana mkubwa. Mtanunua. Tena kwa umri wake si sindano moja."

Nikaenda kuuliza bei kliniki. Wallahi, niliomba kiti. Mume wangu wakati ule gari alilokuwa akiendesha lilikuwa limeuzwa, hana kazi. Mshahara wangu ulikuwa unaingia asubuhi na kutoka mchana kwa karo za watoto na kodi ya nyumba. Nikatoa kadi ya bima. Mhudumu wa kliniki akaangalia, akasema kwa upole, "Hii inalipa ugonjwa, mama. Chanjo hailipi."

"Akiugua hiyo kansa italipa?"

"Ikiwa iko kwa mpango wenu, italipa kidogo."

"Kwa hiyo nimngoje augue?"

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi basi?"

Maskini, si yeye aliyeiandika hiyo kadi. Ukutani nyuma yake pamebandikwa picha ya mama na binti wanacheka meno nje, na chini yake: Kinga ni bora kuliko tiba. Nikacheka peke yangu mpaka nikajionea aibu.

Ndiyo maana mwaka huu, tulipoitwa kazini Koboko na kuambiwa kwamba mpango wa bima umebadilika, na sasa unalipa chanjo hiyo kwa mabinti wa wafanyakazi, nilipiga kigelegele ndani ya mkutano. Mkubwa wetu wa ofisi alidhani nimeumwa na nyuki. Nilimpigia binti simu palepale. Yeye sindano anaziogopa kama paka anavyoogopa maji. Akaniuliza, "Ni lazima mkono, mama?" Nikamwambia kwa raha niliyokuwa nayo hata wakitaka kuchoma kisigino, atachomwa.

Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa linaningojea. Miaka ya nyuma, nilipoandikisha familia, niliulizwa nina watoto wangapi. Nikawataja wote, naye akiwemo, kila mmoja na tarehe yake ya kweli. Mtu wa kabila lingine angesema "na huyu ni wa dada yangu". Mimi neno hilo halimo mdomoni mwangu. Wala sikudanganya! Kama ningetaka kudanganya ningempa mwaka wake peke yake. Kwa kutibiwa malaria na kikohozi hakuna aliyewahi kuhesabu miezi. Wamehesabu siku nilipohitaji kitu kikubwa.

Wiki iliyofuata kampuni ya bima ikamtuma wakala wake ofisini kwetu Koboko. Nilijitayarisha kwa vita. Akaingia kijana mwembamba, Mlugbara wa Pajulu, shati limelowa jasho la safari, anaomba radhi kabla hata hajaketi. Vita yangu ikakosa adui.

Nikamweleza yote. Dada, Kampala, mkeka, mashahidi. Nikamwambia baadhi ya wale wanawake bado wako hai, awafuate nyumbani awaulize. Alisikiliza bila kuandika kitu.

"Mama," akasema nilipomaliza, "mimi nililelewa na mama mkubwa. Mpaka leo mama yangu mzazi namwita kwa jina lake. Kwa hiyo mimi naelewa. Lakini bima haielewi. Inajua mtoto wa tumbo, na inajua mtoto wa karatasi ya korti. Hii ya maziwa haina mahali pake."

"Basi nitaleta hiyo ya korti."

"Utahitaji sahihi ya baba yake."

Baba yake alikwenda Juba kufanya biashara kabla msichana hajaota jino, akaoa huko. Mara ya mwisho tuliposikia habari zake alikuwa ameshavuka kwenda Khartoum, na vita ya huko sote tumeisikia. Nikamwambia wakala hivyo. Akashika paji la uso.

"Tukirekebisha tarehe?" aliuliza mkubwa wetu wa ofisi aliyekuwa ameketi nasi, mama mzuri, naye ana mabinti. "Tukiongeza mwaka mmoja tu?"

"Ingewezekana kabla sijafungua faili," wakala akasema. "Sasa wameshaona. Mkibadilisha leo wataita wizi, na mama huyu atapoteza kazi, na wale wengine watapoteza kadi." Akatoa karatasi na kalamu. "Wanataka jina la huyu litolewe. Mama asaini kwamba si mtoto wake."

Jamani. Nimewahi kutafsiri habari za watu waliochomewa nyumba, na sauti yangu haikutetemeka. Siku ile nusura kalamu inishinde. Wale wengine nao ni wanangu, na mmoja ana ugonjwa wa selimundu, kadi ndiyo hospitali yake. Nikasaini. Nikamwambia yule kijana, "Wewe Mungu akubariki, na bima yako Mungu aione." Akasema amina kwa yote mawili.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Haboba, maana mtu akipigwa hukimbilia kwao hata kama ana mvi. Nilimkuta uani anasuka tabaga, zile sinia zetu za ukindu wa rangi tunazofunikia chakula. Husuka kwa ajili ya harusi za wajukuu tu. Nilianza kwa kuwalaani watu wa bima, nikawalaani watu wa kompyuta, nikamlaani shemeji yangu huko aliko, na mwisho nikalia kwa sauti. Nikamwambia, "Mama, nimesaini kwamba si wangu."

Nilingoja anifukuze kama yule shangazi wa sahani mkononi.

Hakuinua kichwa. "Hiyo dawa iko Arua?"

"Iko."

"Wanauza?"

"Wanauza, lakini mama, bei yake..."

"Mimi sikuuliza bei."

Akaweka tabaga chini, akasimama kwa kushika ukuta, akaingia chumbani. Nilijua hivyo ndivyo anavyofanya jina la dada likimjia, kwa hiyo nikajua nimemuumiza, nikaanza kufuta kamasi niondoke. Lakini safari hii mlango haukufungwa. Alitoka na kitambaa kilichofungwa fundo, akalifungua kwa meno kwa sababu vidole vyake vina baridi yabisi. Ndani mlikuwa na herini za dhahabu za dada yangu, zile nzito za harusi, zilizomfanya aende ameinamisha shingo.

Niliruka nyuma. Hizo ni za binti. Kila mtu katika ukoo anajua. Siku atakapoolewa, akitolewa nje amejifunga gurbaba, lile vazi la bibi harusi, na udi umemkolea mwilini, ndizo atakazovaa, ili mama yake awepo.

"Hizi ni za harusi yake, mama!"

"Harusi bila herini iko," Haboba akasema. "Mimi nimeona mingi. Maiti na herini pia nimeona. Mimi ndiye nilimwosha. Mimi nilitoa hizi kwa masikio yake, moja, na ya pili, na masikio iko baridi." Akaliweka fundo mkononi mwangu, akanikunja vidole juu yake. "Usinifanye niweke za mtoto pamoja na za mama. Nenda."

Nikalitia fundo mkobani. Alirudi kwenye tabaga lake, akalowesha ukindu, akaendelea.

Nilimweleza binti nilipofika Awindiri, kwa kuwa sikutaka kitu chake kiuzwe bila yeye kujua. Alizishika zile herini kwenye kiganja, akaziangalia muda mrefu, akazijaribu mbele ya kioo. Kaka yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakufanya mzaha. Nilimwambia binti, "Ukisema hapana, nitakopa." Akazivua.

"Zilikuwa zinamuuma masikio?" akauliza.

"Sana. Lakini thubutu kumwambia azivue!"

Akacheka. Nikagundua kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza nililowahi kumwambia kuhusu mama yake ambalo si ugonjwa wala kaburi. Basi tukakaa pale kitandani nikamwambia mengine: alivyokuwa mwizi wa sukari, alivyoimba vibaya, alivyompiga mvulana mmoja wa shule kwa kunitania mimi.

Tulizipeleka pamoja kwa sonara, tukaziuza, na kutoka hapo tukaenda kliniki, safari hii bila nguo za Idi. Nilimweleza njiani kwamba sindano hii si hirizi. Akiwa mtu mzima bado atakwenda kupimwa, na asinisubiri mimi nimkumbushe. Akasema amesikia. Dirishani alikuwa yule yule kijana. Alitukumbuka. Nilimwona anaogopa ulimi wangu.

"Karibu, mama. Leo iko bima ama kashi?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ninayelipwa kwa kusema, nilitafuta neno katika lugha zangu zote, nikakosa. Nilikuwa nimelishika fundo la pesa, na mkono haukutaka kufunguka.

"Kashi," binti akasema. "Mama ndiye analipa."

Kijana akaninyooshea mkono.

"Si huyu," binti akasema, kwa sauti ya kusikika na foleni yote. "Huyu ni mama aliyeninyonyesha. Anayelipa ni mama aliyenizaa."

"Yeye iko wapi? Risiti nitaandika jina gani?"

Akalitaja. Akalitaja jina la dada yangu lote, na la baba yetu mwishoni, polepole, herufi kwa herufi pale kijana alipokosea. Nililisikia jina lile mchana kweupe, mbele ya watu, na halikuua mtu. Niliumia kuambiwa "si huyu", siwezi kukudanganya. Niliumia, na papo hapo nikatamani dada angekuwepo amwone msichana wake anavyosimama. Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke.

Kijana akaandika, akagonga muhuri, akampa binti risiti. Kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, na muuguzi akaita mama wa mtoto aingie naye.

Binti alinitazama. "Mama, twende. Mimi naogopa."

Tukaingia. Alinishika mkono, na sindano ya kwanza ilipoingia akanibana kwa zile kucha ndefu ambazo kila siku namwambia azikate. Alama zake zilikaa mkononi mwangu mpaka jioni.